Chokaa ya Mama Mkwe

Usiseme hukuona. Ulipita. Barabara ya kutoka Tororo kwenda Busia haimpitishi mtu bila kumwonyesha Moru, ule mlima mweupe, bapa juu kama meza, uliokaa katikati ya mashamba ya mtama kama mgeni aliyekataa kuaga. Ulikuwa ndani ya basi, au juu ya lori, au nyuma ya baiskeli ya mtu, na mlima ulipochomoza ukakumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu chako imelegea. Ukainama. Ulipoinuka Moru ulikuwa umepita. Mliinama basi zima. Dereva peke yake alibaki wima, naye alikuwa anaangalia barabara kwa sababu analipwa kuiangalia.

Basi sikiliza ulichokiinamia.

Jumamosi moja ya mwaka sitini na tano, asubuhi, Otai alikuwa amekaa chini ya Moru akikaza viatu vyake vya mpira wa gari, akingoja wageni. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni mlimani. Alibeba maji yao na kikapu chao cha chakula, akatangulia na fimbo ya mti mgumu, akigonga ardhi. Moru ni mwamba wa chokaa, na mwamba wa chokaa ni mnafiki: juu nyasi nzuri, chini shimo linalomeza ng'ombe na mchungaji wake. Otai aligonga, akasikiliza, akasema pita hapa, usipite pale. Hakuna mgeni aliyewahi kuzama mikononi mwake.

Wageni wenyewe walikuwa wa kiwanda. Palikuwa na kiwanda cha chokaa pale chini, tanuri mbili na bomba refu, kilichoanza kuula Moru kutoka upande wa reli enzi za Waingereza. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilishwa na tanuri hazikuzimwa hata kwa siku ile moja ya sherehe. Kila Jumamosi wakubwa wa kiwanda walipanda juu kupunga hewa ya mlima wanaoula siku nyingine. Siku hiyo alikuja meneja, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, na mkewe na kamera yake, na makarani wa Tororo wenye viatu vipya ambavyo tayari vilikuwa vinawauma. Na alikuja Chrispinus Ofwono, afisa wa ardhi wa kiwanda, mtu wa huku huku, soksi hadi magotini, kalamu mfukoni, fimbo ya kutembelea ambayo haikuwahi kugusa udongo.

Njia ya kupanda Moru hupitia kwanza kwenye miiba, kisha kwenye ngazi za mwamba zilizokwanguliwa na maji ya mvua, kisha mtu hutokea juu bila kutarajia, kwenye uwanda mpana wa nyasi fupi na mawe meupe, upepo mwingi, Elgon upande mmoja na vilima vya Samia upande wa pili. Watu wa chini walizika wafu wao huko juu tangu zamani, kwa sababu bondeni maji ya kinamasi hufukua kila kinachozikwa. Wafu walikuwa wakikaa nje ya makaburi yao tangu jua linapopasha mawe mpaka jioni. Walimenya karanga. Walilalamika juu ya upepo. Mke wa meneja aliwaomba wasogee kidogo ili apige picha ya mandhari, nao wakasogea, maana walikuwa watu wa adabu. Picha ilipotoka walikuwemo hata hivyo, pembezoni, akawakata kwa mkasi.

Mwisho wa uwanda, ukingoni, upande unaotazama Busia, alikaa Ariokot. Huyu alikuwa mama mkwe wa Otai, mama yake Felistus. Jumamosi alikaa akiwa ameipa njia mgongo, kwa sababu alijua anayeongoza wageni ni nani.

Mila ya huku unaijua, usijifanye mtu wa mbali. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Hali naye, halali chini ya paa moja naye, na jina lake halitoki kinywani mwake hata akiota. Ariokot alipokuwa hai, Otai aliwahi kushuka kwenye baiskeli akajitosa kwenye mtama wa mtu mpaka bibi yule apite, akarudi barabarani na siafu miguuni. Alimfahamu kwa kikohozi chake na kwa visigino vyake tu. Kifo hakikubadilisha kitu. Kila Jumamosi, wageni walipokaribia ukingo, Otai aliacha njia, akazunguka kwa nyuma kupitia kwenye miiba, akaungana nao mbele, na makarani walicheka.

"Huyu nakimbia mke mzee ya nani?" waliulizana. "Huyu nyoka haogopi, chui haogopi, naogopa mgongo ya bibi!"

Siku hiyo kulikuwa na jambo jingine. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba kitachimba uwanda wenyewe, na kwa wema wake kikaweka sheria: kaburi litakalotajwa jina na mwenyewe, mwanamume wa nyumba hiyo, akiwa amesimama papo hapo, mifupa yake itashushwa kwa heshima na kuzikwa upya bondeni. Kaburi lisilotajwa ni jiwe kama mawe mengine. Sheria ilisomwa kanisani, sokoni na mbele ya kilabu cha pombe, na watu wakasema si mbaya. Waliokuwa na wana wa kiume walipanda wakataja baba zao na mama zao.

Ariokot hakuzaa mwana wa kiume. Mumewe alikufa kabla yake na kaka zake wakamfuata. Mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba hiyo alikuwa mume wa binti yake.

Walipofika ukingoni Ofwono alisimama, akamwita Otai ambaye tayari alikuwa amekwishaingia kwenye miiba.

"Wee Otai! Rudi hapa. Hapa pana mtu?"

Otai alirudi kinyumenyume, akageuza uso upande wa Elgon.

"Nakuuliza. Hapa pana mtu wako? Taja jina, tuendelee. Meneja anaungua na jua."

"Bwana Ofwono, wewe unajua."

"Mimi najua nini? Mimi niko kazini. Jina."

"Si jina la kutajwa na mimi."

"Basi hana jina," Ofwono alisema, na akamweleza meneja kwa Kiingereza, na meneja akaitikia kwa kichwa huku anatafuta chupa ya maji. Karani mmoja akapigilia kigingi chekundu karibu na goti la Ariokot. Ariokot akasogeza mguu kumpa nafasi.

Ofwono alijua. Alikuwa na mama mkwe wake mwenyewe kule Nagongera, na bibi yule akikohoa tu nje ya ua, Ofwono huacha chai mezani na kutokea dirishani, pamoja na soksi zake. Aliijua mila kama mwizi anavyoijua kufuli. Kabla ya kushuka alipiga vigingi vingine kwenye makaburi mengine ya namna ile ile, ya wajane, ya wanawake waliozaa mabinti watupu, na kwenye kila kaburi aliitwa mkwe mmoja, na kila mkwe aliangalia pembeni.

Felistus alikuwa anasaga wimbi mumewe aliporudi nyumbani. Hakuacha kusaga.

"Walikuuliza?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Mama Edah, ungetaka niseme nini? Nilitaje jina lile mbele ya magoti ya Mzungu?"

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Niliheshimu."

"Uliheshimu." Felistus aliinua jiwe la kusagia, akaliweka chini polepole. "Mama yangu atapasuliwa na baruti kwa heshima yako. Mbuzi yuko wapi?"

Otai alijua ni mbuzi gani. Kuna mbuzi ambaye mkwe humpelekea mama mkwe wake, na bibi akimshika mgongo yule mbuzi, macho ya mkwe hufunguliwa. Tangu hapo anaweza kumtazama, kumwamkia, na kumtaja. Mbuzi huyo Otai alikuwa akisema atampeleka tangu mwaka aliooa. Kila mwaka alikuwepo zizini, na kila mwaka likatokea jambo: ugonjwa wa mtoto, paa lililong'olewa na upepo, msiba wa jirani. Ariokot alikufa bado anamngoja.

"Mtu akishakufa atamshikaje?" Otai aliuliza.

"Kwa mkono. Ana mikono miwili, umemwona akimenya karanga."

"Sijamwona."

"Ndiyo nasema leta mbuzi."

Kesho yake, Jumapili, walipanda na mbuzi mweusi na kibuyu cha pombe ya wimbi, na mrija mrefu wa Ariokot ambao Felistus aliuhifadhi darini, kwa sababu marehemu hakupenda kunywa kwa mrija wa mtu mwingine. Chini ya ngazi za mwamba walikuta seng'enge mpya na geti, na askari wa kiwanda anayeitwa Rasto.

"Hii mbuzi nakwenda wapi?"

"Kwa mkwe," alisema Otai.

"Mkwe iko wapi?"

"Juu."

"Juu iko majani ya kampuni. Mbuzi takula majani ya kampuni, mimi tafukuzwa. Nyinyi pita, mbuzi nabaki."

"Sisi bila mbuzi twende kufanya nini, ndugu yangu?" alisema Felistus.

"Hiyo mimi sijui, mama. Leta neno ya Bwana Ofwono."

Felistus alisema kwamba yeye basi apite peke yake akakae na mama yake. Rasto, ambaye hakuwa mtu mbaya kuliko geti lake, alimwambia kwamba hata akikaa, Ofwono ameshasema: binti aliyeolewa si mwenye kaburi, ameolewa na mahari imeliwa. Lazima mwanamume.

Walimkuta Ofwono nyumbani kwake barazani, ametoka kanisani, anakunywa chai. Alimtazama mbuzi kwa kupendezwa.

"Mna haki," alisema. "Nani amesema hamna haki? Lakini leo siku ya Mungu. Njooni kesho asubuhi. Nitakuwa nimesimama pale mwenyewe."

"Baruti je?" Felistus aliuliza.

"Dada yangu, unanifundisha kazi? Nimesema nitasimama."

Jumatatu walitoka nyumbani umande ukiwa bado kwenye nyasi. Hawajafika kwenye daraja la mto king'ora kikalia. Ofwono alikuwa amesimama, kama alivyoahidi. Alikuwa amesimama juu ya gari la kiwanda, vidole masikioni, uso ameuelekeza Kenya.

Ukingo wa Moru uliinuka kwanza, ukafikiri, kisha ukaanguka. Ariokot aliinuka nao akiwa amekaa vile vile, miguu ameikunja, na wenzake wachache wa vigingi vyekundu walionekana pembeni yake wakishika leso zao vichwani. Kisha vumbi likafunika kila kitu, likashuka bondeni, na mbuzi mweusi akawa mweupe. Otai alikuwa amegeuza uso. Hata wakati ule, ardhi ikiruka, shingo yake ilimgeuza yenyewe kwa heshima. Kwa hiyo katika watu wote waliokuwa njiani, yeye peke yake hakumwona mama mkwe wake akienda.

Ariokot alipita kwenye mashine ya kusaga mawe bila kusumbua mtu. Alipita kwenye tanuri. Wapakizi walisema kwamba upande mwingine alitoka na kikohozi kile kile alichoingia nacho. Alitiwa kwenye mifuko, na mifuko ikapakiwa kwenye lori la Mutwalibu, dereva wa Busia, aliyekuwa akipeleka chokaa kila mahali kuanzia Buteba hadi ng'ambo ya mpaka. Mutwalibu hakuwa amefika mbali aliposikia mtu anakohoa nyuma. Akasimamisha lori, akafungua turubai, akauchukua mfuko ule na kuuweka kiti cha mbele.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Nyuma kuna vumbi."

Mwisho wa mwaka kiwanda kilitoa zawadi: kila aliyekitumikia alipewa mfuko wa chokaa apendezeshe nyumba yake. Otai alipewa wake. Felistus alikoroga, akapaka ndani, kuta zote, kwa ufagio mpya. Chokaa ilipokauka, jioni, ukuta wa kaskazini ulikohoa.

"Yoga, mwanangu," Ariokot alimwamkia.

"Yoga, mama," Felistus alijibu. "Umekula?"

Otai alikuwa mlangoni na jembe begani. Alisikia sauti ile, akageuka pale pale, akaenda jikoni kwenye kibanda cha nyasi. Tangu siku hiyo alilala huko, na moshi na kuku. Mtu hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, sembuse ndani yake. Felistus alimpelekea chakula, kisha akarudi ndani na kuchomeka mrija wa mama yake penye ufa mdogo wa ukuta, na kuweka chungu cha pombe chini. Pombe ilipungua kama kawaida.

Kila jioni Ariokot aliuliza mambo yale yale.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Jikoni, mama."

"Na mbuzi?"

"Yupo."

"Basi bado hatujaonana. Na wale wenzangu waliobaki juu, wanashushwa lini?"

Felistus akaongeza pombe kwenye chungu.

Mvua zilipoanza, Ariokot alikuwa amefika kila mahali. Alikuwa kwenye kuta za zahanati na za kanisa la Dabani. Alikuwa kwenye duka la Zubaida pale Busia, ambako alimkanya Zubaida waziwazi mbele ya wateja juu ya mizani yake, na mizani ikatengenezwa. Alikuwa kwenye kituo cha mpakani upande huu, na cha upande ule pia, kwa maana chokaa haikuombwa kipande cha kupitia. Watu waliokuwa wakivuka kila siku na mafuta ya taa na samaki na mashati walizoea. Askari alimwuliza mtu anakwenda wapi, kisha ukuta ukamwuliza mama yake hajambo.

Wengine waliopasuliwa naye walikuwemo pia, na mtu alipotembea Tororo jioni alisikia mji mzima ukiamkiana. Hakuna aliyeshangaa. Hilo nalo liandikwe. Watu walisema, "Aa, ni wale wa Moru," wakaendelea kufunga maduka yao.

Aliyepata taabu ni Otai peke yake. Aliendelea kupandisha wageni, maana huko juu sasa angeweza kupita ukingoni bila kuzunguka. Ukingo wenyewe haukuwepo. Lakini mjini hakuweza kuinua macho. Alitembea na gunia kichwani, limefunika uso hadi kidevuni, akigonga barabara ya Busia kwa fimbo ile ile ya mlimani.

"Fungueni njia! Mkwe anapita!" wauza samaki walipiga kelele, na wenye kuta nyeupe wakaegemeza mbao, mikeka, chochote. Zubaida alimtundikia kanga nzima ili anunue chumvi.

"Lakini shemeji," Zubaida alimwambia siku moja kutoka upande wa pili wa kanga, "utaishi na gunia mpaka lini? Mwenyewe anakuulizia. Jana tu kasema, huyo mtu wangu kazi yake kunyamaza."

"Mwambie namheshimu."

"Nimemwambia. Kasema heshima yako anayo, ndiyo iliyomleta dukani kwangu."

Otai alilipa chumvi akaondoka. Usiniulize alichowaza chini ya gunia. Ila siku ile alipofika nyumbani alikwenda zizini kabla ya kwenda jikoni, akamfungua mbuzi, na Felistus alipotoka nje akamkuta amesimama naye uani, ameshika kamba.

Kiwanda kilikuwa kimejenga ofisi mpya. Kuta zake zilipakwa chokaa ya ukingo wa Busia, safi kuliko zote, matabaka kwa matabaka, na ndiyo maana Ariokot alikuwa mzima zaidi mle kuliko popote: uso, mabega, mikono yote miwili, kwenye ukuta ulio nyuma ya meza ya Ofwono. Ofwono alifanya kazi kila siku akiwa amempa mgongo. Hakuwa mama mkwe wake, kwa hiyo halikumhusu. Alitundika kalenda juu yake, na Ariokot alipokuwa na joto aliisogeza.

Siku ya kufungua ofisi waliitwa wageni hata kutoka Kampala. Kulikuwa na viti, soda, na bendi ya polisi. Ofwono alikuwa katikati ya hotuba yake, akieleza jinsi kiwanda na wananchi walivyo kama ulimi na meno, Felistus alipopasua umati, nyuma yake mbuzi, nyuma ya mbuzi mume wake na gunia.

"Mtoe huyo," Ofwono alimwambia Rasto bila kubadilisha sauti ya hotuba.

Rasto aliangalia mbuzi, akaangalia ukuta. "Bwana, hii nakwenda kwa mkwe," alisema. "Mkwe yenyewe iko hapa." Akawafungulia mlango.

Ndani palikuwa na baridi ya chokaa. Felistus alimsukuma mbuzi hadi ukutani. Mkono wa Ariokot ulitoka kwenye lipu, ukashuka, ukakaa juu ya mgongo mweusi, ukakaa muda wa kutosha. Ulipoondoka uliacha kiganja cheupe. Felistus akamvua mumewe gunia.

Otai aliinua macho. Kwa miaka yote ile alikuwa amemfikiria bibi mkali mwenye uso mrefu. Alikuwa na uso mdogo tu, wa Felistus anapochoka.

"Umekuja," alisema Ariokot.

"Nimekuja, mama."

"Mbuzi amekonda."

"Amengoja sana, mama."

"Hata mimi."

Otai akageuka, akawatazama wageni waliojaa mlangoni na soda zao. Sauti yake, iliyozoea kusema pita hapa usipite pale, ilitoka kama ya mtu anayeita kutoka mwamba mmoja hadi mwingine.

"Bwana Ofwono! Uliniuliza. Hapa pana mtu. Anaitwa Ariokot. Ariokot binti Egau, wa ukingoni, wa kigingi chekundu. Mimi ni mkwe wake, na namtaja."

Watu waliinamisha vichwa. Wale waliokuwa na viatu vya kamba waliangalia kamba.

"Umechelewa," alisema Ofwono. "Sheria ilisema papo hapo, juu. Hapa si juu."

"Anasemaje?" aliuliza meneja.

"Anashukuru kwa chokaa," Ofwono alimtafsiria, na meneja akapiga makofi, na wageni wa Kampala wakapiga.

Makofi yalipokwisha Ariokot alimwambia Otai, wala hakupunguza sauti, "Wenzangu bado wako kule. Wakwe zao wamefungwa macho kama ulivyofungwa. Lakini wewe si mkwe wao. Unaweza kuwatazama. Wataje."

Na Otai akawataja. Hakuna kilichomzuia, hawakuwa wake. Alitaja Amulen wa kwenye shimo la popo, aliyezaa mabinti watupu. Alitaja Leonida wa Buteba. Alimtaja yule mwanamke wa Kisamia aliyezikwa na jembe lake, na pacha waliozikwa chini ya mwamba uliopasuka, akaendelea njia nzima ya mlima, kaburi baada ya kaburi, kama alivyozoea kuipita, na sauti yake ikakauka. Felistus alisimama kando yake akiitikia kila jina.

Ofwono alisubiri mpaka akamaliza. Kisha akasema kwamba sheria inataka mwenyewe, na huyu si mwenyewe.

Mbuzi alichinjwa alasiri ile ile kwa ajili ya wageni, maana alikuwa ameshaingia ndani ya seng'enge na ni mali ya kiwanda. Ngozi yake, yenye kiganja cheupe, iliwekwa mlangoni watu wafutie viatu. Wiki iliyofuata ukuta wa ofisi ulipakwa rangi ya mafuta, ya buluu. Ariokot hukohoa chini yake, na wageni huambiwa ni unyevu. Otai aliambiwa asirudi kazini. Analala nyumbani kwake sasa, ndani, na jioni hunywa pombe na mama mkwe wake, kila mtu na mrija wake, na akienda Busia hutembea uso wazi, akimwamkia ukuta baada ya ukuta, na watu wanasema vizuri, wamepatana. Wapanda mlima wa Jumamosi bado wanapanda. Wanausifu Moru kwamba siku hizi hauchoshi. Ni mfupi.

Na vigingi vyekundu bado vinapigwa. Vimefika kwenye shimo la popo. Amulen amekaa pale anamenya karanga na kigingi kiko kati ya miguu yake.

Sasa inua kichwa, wewe wa kamba ya kiatu. Otai aliangalia pembeni kwa sababu mila ilimshika shingo, na bado alimfuata mama mkwe wake hadi ukutani. Wewe shingo yako imeshikwa na nani? Huna mkwe juu ya Moru. Hakuna mbuzi unayedaiwa. Jina la Amulen halijakatazwa kinywani mwako, umelisoma sasa hivi, na ulimi haukukatika. King'ora kinalia Jumatatu. Mwambie dereva asimamishe basi. Shuka, uwashushe na hao wengine walioinama, ushike njia ya miiba, na geti ukilikuta limefungwa, mko wengi kuliko Rasto. Simameni kwenye kigingi, papo hapo, juu, kama sheria yao inavyotaka, na mseme hapa pana mtu, hata Ofwono akisema ninyi si wenyewe. Usingoje kituo kinachofuata. Shuka.